Ule moto wa mapajani si sumu

Assalamu alaikum, hamjambo nyote, Bwana asifiwe kwa wanaoitikia, na wazee wangu shikamooni. Asanteni kwa kuja na joto lote hili la Tononoka, hapa Mombasa, wengine naona mmetoka kazini moja kwa moja hata nguo hamkupata nafasi ya kubadilisha, kuna kina mama wa kutembea alfajiri kule Mama Ngina Waterfront, kuna vijana wa mpira, na nyinyi wa jimu mmejibana nyuma kabisa, sogeeni mbele, viti viko.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, siku nzima mikono yangu iko kwenye misuli ya watu, na ombi ninaloliskia kuliko yote ni hili, nitoe hii laktiki asidi, ile asidi wanayosema inabaki kwenye msuli ukishafanya kazi. Mtu kacheza mpira Jumamosi jioni, Jumatatu ngazi hazishukiki, na kabla hajafika kwangu ashanunua juisi ya kutoa sumu kwa pesa si haba, na kuna mtu kamwambia akandwe kwa nguvu mpaka asidi yote iishe. Yaniuma sana kuona hivo, sababu pesa ile ni ya jasho, na sababu yule mtu anaondoka akiamini kua mwili wake ukifanya kazi unajitilia sumu wenyewe. Mtu akiamini hivo ataogopa mazoezi, na mji huu wetu kisukari na presha vimejaa majumbani, sitaki hata mtu mmoja aogope kutoa jasho kwa habari isiyo ya kweli.

Basi tuanze kwa vitendo. Wenye magoti mazima egemeeni ukuta, shukeni mpaka mapaja yalale sawa, mkae pale ila kiti hakuna. Wenye magoti mabovu, wazee na wajawazito, nyosheni mikono tu pembeni usawa wa mabega muishikilie hapo. Pumzi msibane. Kaeni hivohivo mimi naendelea kuongea.

Sekunde hizi za kwanza hamskii kitu. Msuli watumia ATP, hii ndo nishati yenyewe ambayo seli inaitumia moja kwa moja, na iliyoko mle ndani ni ya sekunde chache tu kama hairudishwi. Ya kwanza kuirudisha ni kreatini fosfeti, iko palepale ndani ya seli, haingoji hewa wala haingoji damu. Mkimbiaji wetu Ferdinand Omanyala alipomaliza mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021, sehemu kubwa ya zile mbio ilibebwa na hiyo kreatini fosfeti. Lakini akiba yake ni ndogo, sekunde kumi hivi za nguvu zote ishashuka vibaya, kwa hivo seli inageukia glukosi, yaani sukari, na kuivunja kwa kasi, glukosi moja inatoa lakteti mbili, hii lakteti ndo watu wanayoiita laktiki asidi, na wakati huohuo fosfeti zinaachiliwa, ayoni za hidrojeni, ambazo ndo asidi yenyewe, zinajaa, na ndani ya seli asidi inapanda, pH, kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi, ilikua 7 hivi na ukijikaza kwelikweli inaweza kushuka mpaka 6.5. Hivi vitu vyote vinavyozalika seli ikichoma chakula chake ndo wataalamu wanaviita metabolaiti, na ndo habari yangu ya leo.

Naona nyuso zishabadilika. Mapaja yatetemeka? Moto umeingia? Haya simameni, tikiseni miguu, mikono teremsheni.

Sasa skilizeni miili yenu. Ule moto uko wapi? Unaondoka, na wengine ushaondoka kabisa kabla sijamaliza hii sentensi. Mlipokua mmekaza, msuli wenyewe ulikua umebana mishipa ya damu, mlipolegeza damu ikapita na vile vitu vikaanza kutawanyika. Kumbukeni hilo, moto wa mazoezi huondoka kwa dakika. Na lakteti iliyoko kwenye damu, hata baada ya mbio kali, kwa saa moja hivi inakua ishakaribia kiwango chake cha kawaida, na ukitembea polepole badala ya kulala chini inaondoka mapema zaidi. Sasa niambieni, mtu alocheza mpira Jumamosi, Jumatatu atatolewa lakteti ipi?

Hii habari ya asidi haikuzuka tu. Mwaka 1907 kule Cambridge, watafiti Fletcher na Hopkins walipima misuli ya vyura wakaona ikifanya kazi bila oksijeni laktiki asidi inajaa mpaka msuli unachoka, na ukiupa oksijeni asidi inapungua. Baadaye Hill wa Uingereza na Meyerhof wa Ujerumani wakapata tuzo ya Nobeli ya mwaka 1922 kwa kazi yao juu ya msuli. Ilikua kazi kubwa na mimi naiheshimu. Lakini ule ulikua msuli wa chura uliokatwa, hauna damu inayopita, hauna ini wala moyo wa kupokea kinachotoka, na watu waliokuja nyuma wakaona uchovu na lakteti vimekuja pamoja wakasema basi hiki ndo kimeleta kile.

Mwaka 1951 daktari mmoja wa London, Brian McArdle, akaeleza mgonjwa ambaye misuli yake haikuweza kuvunja ile akiba ya sukari iliyoko ndani, glaikojeni. Akifanya mazoezi lakteti yake haipandi. Kama lakteti ndo inachokesha, mtu huyu angekua hachoki, si ndio? Ilikua kinyume, alichoka upesi mno na misuli ikimuuma na kukazana. Ugonjwa huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake, na mimi nikiulizwa ushahidi mmoja tu huu ndo nautoa kwanza.

Na yale maumivu ya siku ya pili? Mwaka 1983 watafiti Marekani walikimbiza watu kwenye mashine, mara kwa usawa, mara kwa mteremko. Kwa usawa lakteti ilipanda lakini siku za baadae watu hawakuumwa. Kwa mteremko lakteti haikupanda na ndo walioumwa. Sababu ni kua kwenye mteremko msuli unakazwa huku unavutwa kurefuka, na hiyo ndo kazi inayochanachana nyuzi ndogondogo ndani yake, halafu mwili unaleta uvimbe wa kutengeneza, na huo uvimbe wachukua siku moja mpaka tatu kufika kilele. Waangalieni hawa kaka zetu wa mikokoteni wanaouza maji, wengi wetu twawaonea huruma wakisukuma kupanda, lakini pale wanapoteremka na mitungi imejaa, wameegemea nyuma wanaizuia isiwakimbie, pale mapaja yanachanwa kuliko wakati wa kupanda. Mgeni wa kazi ile atajua siku ya pili. Alozoea haumwi tena hivo, sababu msuli ukishajitengeneza mara moja unastahimili, na hakuna juisi iliyofanya hiyo kazi.

Sasa lakteti yenyewe yaenda wapi? Inaliwa. Inatoka kwenye seli moja ya msuli inaingia ya jirani ambayo ina oksijeni ya kutosha, inachomwa mle. Moyo unaila, na unaipenda sana wakati wa mazoezi. Ubongo pia unaila. Ini inaichukua inaigeuza kua glukosi tena na kuirudisha kwenye damu, hii njia iligunduliwa na Carl na Gerty Cori, mume na mke, waliopata Nobeli 1947. Profesa George Brooks wa California ametumia miaka mingi toka 1980 na kitu kuonyesha kua lakteti inasafirishwa hivi mwili mzima kila siku, hata sasa mmekaa hapa damu zenu zina kama milimoli moja kwa lita. Kwenye mbio kama za mita 800, zile alizoshinda Rudisha London 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, damu ya mkimbiaji yaweza kubeba lakteti mara kumi na zaidi ya hiyo. Hicho ni chakula kiko njiani, mtu asikuuzie dawa ya kukimwaga.

Vijana wa mpira mtaniuliza, basi nini kinachokata nguvu dakika za mwisho? Kuna mengi, maji, joto, glaikojeni kuisha, na kichwa pia. Lakini ndani ya seli, kwa ile kazi kali ya muda mfupi, mshukiwa mkubwa ni ile fosfeti. Ikijaa, zile protini zinazovutana ili msuli ujikunje zinashikana kwa nguvu ndogo. Halafu fosfeti yaingia kwenye ghala la kalisiamu ndani ya seli, inaungana na kalisiamu, na kalisiamu ndo ishara ya msuli kujikunja, sasa ikitoka kidogo na mkunjo unakua mdogo. Asidi nayo ina mchango wake, lakini vipimo vingi vya zamani vilifanywa kwenye msuli uliopozwa, na msuli ulipopimwa kwa joto linalokaribia la mwili wetu ile athari ya asidi kwenye nguvu ilionekana ndogo kuliko ilivyodhaniwa.

Nije kwenye jaribio ambalo nalipenda mno. Mwaka 2014 watafiti wa Utah, Marekani, walichapisha kazi waliyofanya kwa watu kumi. Shikeni huu msuli mnene ulioko chini ya kidole gumba, hapa kwenye kiganja. Ndo hapo walipodunga sindano. Mkono umetulia juu ya meza haufanyi chochote. Wakatia lakteti peke yake, hakuna kitu. Ayoni za hidrojeni peke yake, hakuna kitu. ATP peke yake, hakuna kitu. Wakavichanganya vyote vitatu kwa kiwango cha msuli uliopumzika, bado hakuna. Wakavichanganya kwa kiwango cha mazoezi ya wastani, watu wakaanza kusema kidole kimekua kizito, kimechoka, kimejaa joto. Wakapandisha mpaka kiwango cha mazoezi makali na kupita, uchovu ukageuka maumivu. Kidole hakikubeba hata kijiko lakini mwenyewe aliskia kimechoka!

Nikisoma kazi ile naona utaratibu mzuri ajabu. Kwenye msuli kuna nyuzi za neva zinazopima huu mchanganyiko, zinangoja vije vyote pamoja ndo zipige ripoti, sababu kimoja kikipanda peke yake huenda si mazoezi. Kwa hivo ule moto mlouskia ukutani ni habari, mwili unakwambia hapa kazi imekua kubwa kuliko damu inayoingia, punguza au pumzika kidogo. Mnaweza kuendelea nao kwa muda, mnaweza kuuacha, lakini si alama ya kuharibika.

Kina mama na wazee, sasa hapa ndo penu, na hapa ndo nilipotaka tufike. Hizi metabolaiti hazisemi na neva peke yake, zinasema na seli ya msuli yenyewe. Msuli ukitumia ATP nyingi, kitu kinachoitwa AMP kinapanda, na hicho kinaamsha kimeng'enya kinachoitwa AMPK. Kwenye msuli kuna protini ya kuingiza glukosi, jina lake GLUT4, kawaida imejificha ndani ya seli mpaka insulini ije ipige hodi. Mwenye kisukari aina ya pili, insulini inapiga hodi na msuli hauskii vizuri, sukari inabaki nje kwenye damu. Lakini msuli unaofanya kazi unafungua mlango kutoka ndani, haungoji hodi, AMPK na ile kalisiamu niliyoitaja zinaisukuma GLUT4 ikae nje kwenye ngozi ya seli na sukari inaingia. Njia hii kwa mgonjwa wa kisukari bado inafanya kazi. Hata ukimaliza, msuli unaendelea kuiskia insulini vizuri zaidi kwa siku moja hivi, pengine mbili, ndo maana twawaambia msikae siku mbili mfululizo bila kutembea.

Na hili si la kukisia. Toka Bergström wa Sweden alipoleta sindano yake mwaka 1962, watafiti wanaweza kuchukua kipande kidogo cha msuli wa paja kwa mtu aliye macho, wamemtia ganzi tu. Kwenye kile kipande kuna seli changa, ukiziweka kwenye sahani na chakula chake zinazaliana, zinaungana, zinakua nyuzi za msuli wa binadamu kabisa. Ukizipitishia umeme mdogo zinajikunja palepale kwenye sahani, na zikijikunja zinavuta glukosi zaidi. Hakuna moyo pale, hakuna mapafu, hakuna nia wala imani ya mtu, ni seli peke yake na kazi yake.

Kwa hivo mama, ukishamaliza mahamri na mbaazi yako na chai ya maziwa, badala ya kukaa palepale kwenye mkeka nyanyuka utembee robo saa. Sijasema jimu, sijasema viatu vya bei. Kutoka nyumbani mpaka barabarani na kurudi. Ila wanaojidunga insulini na wanaotumia vidonge kama glibenklamaidi muwe na tende au juisi mfukoni, sababu sukari yaweza kushuka kupita kiasi, ukiskia kutetemeka na jasho la baridi kaa chini ule. Na mwezi wa Ramadhani wenye dawa hizi wazungumze na daktari kabla mwezi haujaandama, si siku ya kwanza ya funga.

Kuna mapya pia na yananipa raha. Mwaka 2022 watafiti wakiwemo wa Stanford walitoa habari ya kitu kinachoundwa na lakteti ikiungana na fenilalanini, asidi amino ya kwenye protini tunazokula, wakakiita Lac-Phe. Hupanda kwenye damu baada ya mazoezi, kwa binadamu kilipanda zaidi baada ya mbio za kasi, na panya wanene waliodungwa walipunguza kula. Mwaka 2024 ikaonekana metfomini, kidonge cha kisukari ambacho najua kiko kwenye mikoba ya wengi humu, nacho kinapandisha hiyohiyo Lac-Phe. Tena kuna saksineti, metabolaiti nyingine, kazi iliyotoka 2020, hii husubiri seli ya msuli iwe na asidi ndo ipate kutoka, ikitoka inazipa ishara seli za jirani zianze kujenga upya, na panya walionyimwa kipokezi cha ishara hiyo walifanya mazoezi lakini hawakupata nguvu walizopata wenzao. Yaani ile asidi tunayoitukana ndo inayofungua njia. Haya mengi bado ni ya panya, msikimbilie kununua chochote.

Nyinyi wa jimu nawaomba jambo moja kwa dhati. Msuli ukifanya kazi unatoa pia zile chembe za oksijeni kali, na zamani zilihesabiwa ni uchafu tu. Mwaka 2009 kule Ujerumani wanaume waliwekwa mazoezini wiki nne, wengine wakapewa kila siku vitamini C miligramu 1000 na vitamini E uniti 400. Wale wasiopewa vidonge miili yao ikawa inaiskia insulini vizuri zaidi, waliomeza hawakupata hiyo faida. Zile chembe zilikua ishara nazo, na vidonge viliizima. Embe kuleni, machungwa kuleni, hakuna neno, nasema vile vikopo vya vidonge vya kipimo kikubwa mnavyouziwa pamoja na poda. Muulizeni anayewauzia anazima nini.

Nimeulizwa hapo mbele kama kukandwa basi ni bure. La, si bure. Kukandwa taratibu kunapunguza maumivu na mtu analala vizuri, mimi mwenyewe nafanya na nitaendelea. Ninachokataa ni kumkanda mtu kwa viwiko mpaka alie ati asidi inatoka. Msuli uliochanika juzi ukiukandamiza kwa nguvu unauongezea jeraha.

Na yule kijana aliyeuliza kuhusu mkojo, asante sana, hilo ndo la kuogopa kweli. Mtu hajafanya mazoezi muda mrefu, anaingia jimu siku ya kwanza anapiga skwati mamia kushindana na wenzake, kwenye joto letu hili na maji hajanywa, seli za msuli zinapasuka kwa wingi na protini yake, mayoglobini, inamwagika kwenye damu na kwenda kuziba figo. Dalili ni msuli kuvimba na kuuma kupita kawaida, mwili kuishiwa nguvu, na mkojo kua wa hudhurungi rangi ya chai ya strungi. Ukiona hivo usimeze diklofenaki wala ibuprofeni, zinazidi kuibana figo, na usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huohuo, umwambie daktari ulifanya mazoezi gani na lini, na umuombe akupime CK, kile kimeng'enya kinachovuja kwenye damu msuli ukipasuka, potasiamu na figo.